Rimoti ya Gari Isipoitika: Namna ya Kulijua Tatizo Kabla ya Kulilipia

Mtu anayesimama kando ya gari lake akibonyeza kitufe bila kujibiwa huwa na hukumu moja tu kichwani, kwamba rimoti imekufa, na mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka. Ukimya uleule hutokea rimoti ikiwa imeishiwa betri, gari lenyewe likiwa limeishiwa umeme, au mawimbi ya mahali pale yakiwa yamevurugwa na chombo kingine, na kila kimoja kati ya hivi vitatu kina dawa yake na bei yake. Betri ndogo ya rimoti hupatikana kwa fundi saa kwa shilingi elfu chache, ilhali kusajili rimoti mpya kunaweza kumeza laki kadhaa. Mimi niliwahi kulipia hilo la pili wakati nilichohitaji kilikuwa hicho cha kwanza: fundi alichomeka mashine yake chini ya usukani, akaitazama kwa dakika kumi, kisha akanikabidhi rimoti inayofanya kazi pamoja na bili ya kuiprogramu. Jioni yake niliikuta betri yangu ya zamani ndani ya kisahani cha majivu cha gari.

Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa zimepangwa kwa gharama, kuanzia zile ambazo hazihitaji hata senti hadi zile zinazohitaji mtu mwenye mashine. Nimewafikiria zaidi wenye magari ya Japani yaliyoingia yakiwa yametumika, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, lakini mengi ya yanayosemwa yanafaa kwa gari lolote.

Jua kwanza ulichoshika mkononi

Rimoti utakazokutana nazo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ufunguo wa kuzungusha wenye vitufe viwili au vitatu kwenye kichwa chake cha plastiki. Ya pili ni rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe, ambayo hukaa mfukoni na kuufanya mlango ukubali kufunguka ukigusa kitasa tu. Ya tatu ni rimoti ya alamu iliyofungwa na fundi baada ya gari kununuliwa. Hii haina nembo ya mtengenezaji wa gari, na yale matoleo ya zamani mara nyingi hutumia betri nyembamba ya volti 12 yenye umbo la pipa dogo, iliyoandikwa 23A au 27A, badala ya betri bapa. Ukiwa na aina hii ya tatu, usihangaike na maelekezo ya kitabu cha gari, kwa sababu mfumo wake ni mwingine kabisa na aliyeufunga ndiye anayejua alipouchomeka.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ndani ya rimoti moja ya kiwandani mna vitu vitatu vinavyoishi pamoja bila kutegemeana. Kuna redio ndogo inayotuma amri ya kufunga na kufungua milango, na hiyo ndiyo inayokula betri. Kuna chipu ya imobilaiza, inayoliambia gari kwamba ufunguo huu ni wake ili injini iruhusiwe kuwaka, na chipu hii haihitaji betri, kwani hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo au iliyo nyuma ya kitufe cha kuwashia. Halafu kuna ulimi wa chuma, ambao ni ufunguo wa kawaida wa kukatwa. Kimoja kikifa, viwili vilivyobaki huendelea na kazi. Ndiyo maana gari linaweza kukataa kufungua mlango kwa rimoti na bado likawaka vizuri, au likafungua milango kwa utii wote kisha likakataa kuwaka. Ukishajua ni kazi ipi iliyokwama, umekwisha kupunguza nusu ya utafutaji.

Ukiwa umefungiwa nje

Rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe ina ulimi wa chuma uliofichwa ndani yake. Tafuta kijitufe au kilachi kidogo ubavuni au mgongoni mwa rimoti, kisogeze huku ukivuta kichwa cha ufunguo, na ulimi utachomoka. Tundu la ufunguo kwa kawaida liko kwenye mlango wa dereva. Katika baadhi ya magari limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki chenye rangi ya gari, ambacho hung'olewa kwa kuingiza ncha ya ulimi huohuo kwenye mfereji mdogo ulio chini yake. Usishtuke alamu ikilia baada ya kufungua, kwa kuwa gari lililofungwa kwa rimoti na kufunguliwa kwa chuma linaweza kudhani limeingiliwa, na hunyamaza likishakutambua na kuwaka.

Kisha bonyeza breki, iguse rimoti kwenye kitufe cha kuwashia na uwashe. Katika Toyota nyingi upande unaotakiwa kugusa kitufe ni ule wenye nembo, na utasikia mlio mfupi unaokujulisha kwamba gari limeitambua. Hapo bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache bila kuachia breki. Baadhi ya Nissan za zamani zina kitundu maalumu karibu na usukani ambamo rimoti huchomekwa nzima. Gari likiwaka kwa njia hii, chipu ni nzima na gari bado linamjua mwenye nyumba, kwa hiyo mtu yeyote atakayekuambia kwamba rimoti imefutika kabisa katika kumbukumbu za gari atakuwa hajakutendea haki.

Fanya jaribio hili leo, gari likiwa nyumbani na mambo yakiwa shwari. Kufuli la mlango ambalo halijaonja chuma kwa miaka sita hujaa vumbi na kukaza, na ulimi ukilazimishwa humo unaweza kukatika. Tone la mafuta mepesi ya kulainisha vyuma na kuuzungusha mara kumi taratibu kunatosha.

Tenganisha watuhumiwa

Kama una rimoti ya pili, ilete. Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote, na halina gharama. Rimoti ya pili ikifanya kazi na ya kwanza ikagoma, gari ni zima na mahali ni pazuri, na tatizo umelishika mkononi. Zikigoma zote mbili kwa siku moja, ni vigumu kuamini kwamba betri mbili zimepatana kufa pamoja, kwa hiyo litazame gari au mahali.

Usipokuwa na rimoti ya pili, jaribu umbali. Simama mita moja kutoka mlango wa dereva ubonyeze, kisha rudi nyuma hatua kumi ubonyeze tena. Rimoti ambayo zamani ilifika ng'ambo ya uwanja na sasa inataka uisogeze hadi kwenye kioo inakulilia betri. Kuna mbinu moja inayochekesha watu lakini ni ya kweli: ukiigusisha rimoti kwenye kidevu huku ukibonyeza, umbali huongezeka kwa mita kadhaa, kwa kuwa kichwa cha binadamu, kilichojaa maji, husaidia kurusha mawimbi. Gari likijibu kwa kidevu na kukataa kwa mkono, betri imechoka.

Taa ndogo inayowaka kwenye rimoti ukibonyeza isikudanganye. Inathibitisha kwamba kitufe kimegusa na kwamba umeme fulani upo, lakini haithibitishi kwamba mawimbi yametoka yakiwa na nguvu ya kufika. Vilevile ile desturi ya kuelekeza rimoti kwenye kamera ya simu ili kuona mwanga inafaa kwa rimoti ya televisheni, inayotumia mwanga usioonekana. Rimoti za magari tunayoendesha leo hutumia redio, na kamera haioni redio.

Kuhusu mahali, lisukume au liendeshe gari mita mia moja kutoka ulipo na ujaribu tena. Karibu na minara ya mawasiliano, vituo vya redio, au mitambo ya kambi na viwanja vya ndege, mawimbi ya rimoti yanaweza kuzamishwa, na ukitoka hapo kila kitu kinarudi. Mazingira madogo nayo hufanya hivyo: rimoti iliyobanwa mfukoni pamoja na simu, au iliyowekwa karibu na chaja inayofanya kazi, inaweza isisikike. Liko pia tatizo la makusudi, ambapo wezi katika maegesho yenye watu wengi hutumia kifaa cha kuvuruga mawimbi ili amri yako ya kufunga isifike, nawe ukaenda zako ukidhani umefunga. Usiondoke kabla ya kuona taa za hazadi, yaani zile za tahadhari, zikipepesa, kisha uvute kitasa kwa mkono wako.

Betri ya rimoti

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Muda wa kawaida wa betri katika rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe ni mwaka mmoja hadi miwili, na hudumu kidogo kuliko ya ufunguo wa kuzungusha kwa sababu rimoti hiyo haipumziki: gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini kuzunguka milango yake, na rimoti hukaa macho muda wote ikiyasikiliza ili ijibu. Ukiitundika msumarini ukutani karibu na mahali gari linapolala, au ukiiweka juu ya televisheni, unaifanya izungumze usiku kucha.

Jina la betri ni kipimo chake. Katika CR2032, herufi C inataja kemia ya lithiamu, R inataja umbo la duara, 20 ni kipenyo kwa milimita, na 32 ni unene kwa sehemu za kumi za milimita, yaani milimita 3.2. Kwa hiyo CR2025 ina upana uleule lakini ni nyembamba zaidi, na CR1632 ina unene uleule wa CR2032 lakini ni ndogo kwa upana. Toyota nyingi za kuwasha kwa kitufe hutumia CR1632 au CR2032. Hata hivyo neno la mwisho ni la betri unayoitoa, kwa hiyo soma maandishi yake kabla ya kwenda dukani, au ibebe yenyewe.

Usikubali ushauri wa kubandika CR2016 mbili mahali pa CR2032 moja. Unene unalingana kabisa, ndiyo maana wauzaji hupendekeza hivyo wanapoishiwa, lakini betri hizo zote ni za volti 3, na mbili zikipandana zinakuwa volti 6. Zipo rimoti chache zilizotengenezwa kubeba mbili, lakini ile iliyotengenezwa kwa moja huenda ikaungua siku hiyohiyo.

Kufungua, toa kwanza ulimi wa chuma, kwa sababu mara nyingi mfereji wa kupenyeza bisibisi uko ndani ya nafasi ulioiacha. Zungushia ncha ya bisibisi bapa kitambaa chembamba au utepe, ipenyeze mferejini, na uizungushe badala ya kuipenyeza zaidi. Ganda litatoa mlio mdogo na kuachana. Ufunguo wa kuzungusha mara nyingi una skrubu moja ndogo mgongoni, na bisibisi ya fundi miwani inatosha. Fanya kazi hii juu ya meza iliyotandikwa taulo jeupe, si kwenye kiti cha gari, kwa sababu ndani mnaweza kuwa na raba ya vitufe, mpira mwembamba wa kuzuia maji, na katika funguo za kuzungusha chipu ndogo isiyofungwa kwa chochote. Kabla ya kugusa betri, ipige picha kwa simu ili ujue upande wenye alama ya kujumlisha ulitazama wapi.

Kung'oa betri, ingiza kitu cha plastiki upande usio na kiunganishi, kwa sababu vile vijiti vya chuma vinavyoishika vikipinda kidogo tu havitagusa tena. Fundi mwenye mita atakupimia: betri mpya husoma volti 3.0 hadi 3.3, na ikiwa chini ya 2.8 ibadilishe bila mjadala. Ujue pia kwamba betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imelala na kuanguka rimoti inapotaka nguvu, hivyo kipimo kizuri hakiiondolei lawama. Kwa gharama yake, kuibadilisha ni jaribio la bei rahisi kuliko kuendelea kukisia.

Ipanguse betri mpya kwa kitambaa kikavu pande zote mbili na uishike kingoni unapoiweka, kwani jasho la vidole huacha utando. Baadhi ya betri siku hizi hupakwa kitu kichungu upande mmoja ili mtoto akiitia mdomoni aiteme, na utando huo wakati mwingine huzuia umeme. Pamba yenye spiriti huuondoa. Ulinzi huo una sababu. Betri ya aina hii ikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata ikiwa ni ile uliyoitoa kwa kuwa imechoka, kwa hiyo ya zamani isibaki mezani, na mtoto anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Betri ni mpya na bado kimya

Fungua ganda tena na utazame ubao wa saketi kwa mwanga mzuri. Wanaoishi Tanga, Mombasa, Unguja na mji wowote wa pwani wataona mara nyingi unga wa kijani au mweupe kwenye viunganishi vya betri, unaotokana na unyevu wa chumvi. Sugua kwa raba ya kufutia penseli mpaka chuma king'ae, kisha panguza kwa spiriti. Vijiti vilivyolala vinyanyue kwa upole ili viibane betri. Ukiweka betri na kuiminya kwa kidole huku ukibonyeza kitufe, na gari likajibu wakati wa kuminya tu, umekipata kiunganishi kilicholegea.

Vitufe vyenyewe ni swichi ndogo zilizolehemiwa juu ya ubao, na kila moja ikibonyezwa kwa ukucha inapaswa kutoa mlio wa tik. Iliyonyamaza au inayozama kama imekanyaga uji imekwisha. Swichi hizi ni za bei ndogo, na anayeweza kuzibadilisha vizuri mara nyingi si fundi wa magari bali fundi simu, mwenye pasi ya kulehemu ya ncha nyembamba na miwani ya kukuza. Rimoti iliyoanguka sana nayo huwa na nyufa zisizoonekana kwenye risasi ya kulehemu iliyoshika kiunganishi cha betri, na hiyo ni kazi ya dakika tano kwa mtu huyohuyo.

Ikiwa imeingia kwenye maji, toa betri papo hapo, kwa sababu kinachoua ubao ni maji pamoja na umeme. Maji ya bahari au soda yasuuze kwa maji yaliyosafishwa, kisha kwa spiriti, na uache ubao ukauke kivulini mbele ya feni kwa siku moja au mbili. Usiianike juani na usiifukie kwenye mchele, ambao utaijaza vumbi la wanga.

Rimoti ni nzima. Sasa lishuku gari lenyewe

Bonyeza swichi ya kufungia milango iliyo ndani, kwenye mlango wa dereva. Isipofanya kazi, rimoti haina kosa lolote, kwa kuwa senta loki yenyewe, yaani mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, imelala. Ikifunga milango mitatu na kuacha mmoja, mota ya mlango huo ndiyo mgonjwa. Taa ya ndani ikiwa hafifu, pima betri kubwa ya gari: likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, volti 12.6 ni afya na chini ya 12 ni njaa. Gari lenye njaa hukataa rimoti hata kabla halijashindwa kuzungusha stata, na likishabustiwa au betri kuchajiwa, rimoti iliyodhaniwa imekufa hufufuka.

Angalia fyuzi pia. Katika baadhi ya Toyota, fyuzi iliyoandikwa DOME hulisha taa ya ndani pamoja na kipokezi cha rimoti, hivyo mtu anayelalamika kwamba taa ya darini haiwaki na rimoti haifanyi kazi anaeleza ugonjwa mmoja. Weka fyuzi ya ampea zilezile, usizidishe.

Magari mengi hukataa amri ya rimoti kwa makusudi wakati mlango mmoja haujashikana vizuri, injini inapounguruma, au ufunguo ukiwa umechomekwa. Katika gari la ufunguo wa kuzungusha kuna swichi ndogo ndani ya tundu inayoliambia gari kwamba ufunguo umo. Ikikwama, gari huamini ufunguo umo siku nzima na kuipuuza rimoti. Dalili yake ni ya wazi kwa anayeijua: fungua mlango wa dereva ukiwa umeshika ufunguo mkononi, na kama kengele ya kukukumbusha ufunguo inalia, swichi hiyo imekwama.

Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, tafuta rimoti ya pili iliyosahauliwa ndani, kwenye mkoba au chini ya kiti, kwa kuwa gari halitakubali kujifunga likiihisi. Kama vitufe vinafanya kazi ila kugusa kitasa hakufanyi, huenda rimoti imewekwa katika hali ya kuokoa betri. Katika Toyota nyingi hali hiyo huwekwa kwa kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na taa ya rimoti hupepesa mara nne. Mtoto akichezea anaweza kuifikia bila kujua, na kuiondoa ni kubonyeza kitufe chochote. Baadhi ya magari ya soko la Japani yana pia swichi ya kuzima mfumo huo, iliyofichwa chini ya dashibodi upande wa dereva, ambayo goti au mwoshaji wa gari huweza kuigusa.

Rimoti na gari zilizopoteana

Kila unapobonyeza, rimoti hutuma namba mpya, nalo gari linatarajia namba inayofuata au iliyo mbele yake kidogo. Mtoto aliyebonyeza mamia ya mara akiwa mbali na gari huipeleka rimoti mbele mno, gari likabaki nyuma na kuikataa. Kwa magari mengi, kubonyeza mara mbili mfululizo karibu na gari au kuwasha kwa ufunguo huo kunatosha kuwapatanisha.

Isipowezekana, husajiliwa upya. Nissan nyingi za ufunguo wa kuzungusha za miaka ya 2000 hazihitaji mashine. Ingia, funga milango yote na uifungie kwa swichi ya dereva. Chomeka na kuchomoa ufunguo kabisa, mara sita au zaidi ndani ya sekunde 10, bila kuuzungusha. Taa za hazadi zitapepesa mara mbili. Uchomeke, uzungushe hadi ACC, yaani hatua ya kwanza kabla ya kuwasha, kisha bonyeza kitufe chochote cha rimoti na hazadi zitapepesa tena. Kwa rimoti ya pili, fungua na kufunga kwa swichi ya dereva, halafu bonyeza kitufe chake. Ukimaliza, fungua mlango. Wengi hushindwa kwa sababu wanachomeka haraka mno bila kuutoa ufunguo wote; mwendo wa kuhesabu kwa sauti unafaa zaidi. Kuwa nazo rimoti zote wakati wa kazi hii, kwani katika baadhi ya magari, Honda nyingi zikiwamo, kuingia kwenye usajili hufuta zile za awali.

Ganda jipya, rimoti nyingine na fundi mwenye mashine

Ganda la plastiki lililopasuka hubadilishwa kwa bei nafuu Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na kazi hiyo huzaa tatizo ninalolisikia mara kwa mara: ganda ni jipya, milango inafunguka, gari haliwaki. Chipu ya imobilaiza, kipande cheusi kisichozidi punje ya mahindi au kichupa chembamba cha kioo, imebaki kwenye ganda la zamani, na ganda la zamani limetupwa. Stata itazunguka bila injini kushika, au injini itashika kwa sekunde moja na kuzima. Kwa hiyo chukua ganda la zamani na ulitunze mpaka gari limewaka na kuzimwa mara kadhaa kwa ganda jipya.

Rimoti nyingine ikinunuliwa, sura isikutoshe. Magari ya soko la Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, na ya Ulaya, Uingereza ikiwamo, hutumia 433.92, huku maganda yakifanana kama mapacha. Ya Uingereza haitasikika kamwe kwenye gari la Japani hata isajiliwe mara kumi. Rimoti ya mtumba ya gari la kuwasha kwa kitufe ina kikwazo cha ziada, kwa kuwa nyingi zikishaunganishwa na gari moja hujifunga na kukataa la pili mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Mwulize muuzaji masafa, namba iliyo kwenye ubao, na kama imefunguliwa, na ukubaliane kwamba ataipokea isiposajilika.

Gari lenye alamu iliyofungwa na fundi au kifaa cha kulifuatilia lichunguzwe kwanza kama vyombo hivyo ndivyo vinavyozuia, maana waya mmoja uliokatwa vibaya huonekana kama rimoti mbovu. Na fundi akianza kazi, mwombe akuonyeshe mashine inasoma rimoti ngapi kabla hajagusa kitu na ngapi baada ya kumaliza. Kabla ya kulipa, toka nje mwenyewe, funga na kufungua ukiwa hatua ishirini, fungua mlango kwa ulimi wa chuma, zima na kuwasha injini mara tatu, kisha rudia yote hayo kwa rimoti ya pili, ile uliyoikuta inafanya kazi asubuhi.